Mkono wa Mama Mkwe

Kyungu alimshika mama mkwe wake mkono, akamvuta kwa nguvu na kumtukana mbele ya kwaya nzima ya parokia. Alidhani anamvuta mchumba wake.

Kwa watu wa mchumba huyo, Huguette, hilo si jambo dogo. Mwanamume ambaye posa yake imepokelewa hamgusi mama mkwe. Hali chakula mbele yake, hakai naye kwenye kivuli kimoja, na akimwona anakuja njiani anaingia majanini na kugeuza uso mpaka apite. Inakuwa hivyo mpaka harusi. Siku hiyo wazee huchinja mbuzi wa kufungua, na kuanzia hapo wawili hao wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Harusi ya Kyungu ilipangwa kuwa Desemba. Siku ambayo kwaya ilipanda mlima ilikuwa Oktoba, siku ya Jumamosi, na asubuhi yake jua lilikuwa zuri sana.

Kyungu alikuwa dereva wa lori. Alibeba shaba kutoka Kolwezi mpaka mpakani Kasumbalesa, na foleni ya mpakani haina huruma na mtu mwenye mchumba. Safari hiyo alikaa wiki tatu bila kumwona Huguette. Kila jioni alimpigia simu akiwa amelala kwenye kiti cha lori, na nyuma ya sauti ya Huguette alisikia gitaa.

"Nani anapiga gitaa?"

"Gael wa kwaya. Tunarudilia nyimbo za Kalonge."

Jioni nyingine tena, gitaa. Na nyingine. Kyungu alianza kulichukia gitaa ambalo hajaliona.

Kalonge ni mlima ulioko upande wa Lubudi, mrefu, mwenye mgongo wa majani na msalaba wa chuma kileleni. Kila Oktoba, mvua za kwanza zinapoanza kujaribu, kwaya hupanda kuomba mwaka wa mvua nzuri. Mwaka huo Kyungu aliomba ruhusa kazini akaingia basi pamoja nao. Yeye si mwimbaji. Alitaka siku moja nzima na Huguette, basi. Kitu ambacho hakukifikiria ni kwamba Mama Angèle, mama yake Huguette, naye alikuwa anapanda.

"Weye utatembea nyuma," Huguette alimwambia walipofika chini ya mlima. Alikuwa amefunga kitambaa cha bluu kichwani, na uso wake ulikuwa bado na usingizi wa basi. Kyungu alitamani kuushika uso huo kwa mikono miwili.

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya bote. Mama iko mbele. Njia ni moja na ni nyembamba. Unataka ukanyage fasi anakanyaga?"

"Na weye?"

"Mi niko na mama. Unajua magoti yake."

"Basi mi nilitoka Kasumbalesa kuya kuangalia migongo ya bamama."

Huguette akacheka. "Kuko migongo muzuri pale. Chagua moja." Kisha akasogea karibu, akashusha sauti. "Kyungu. Kule yulu, ku musalaba, watu banapumzikaka. Mama atalala kidogo. Nitakuya. Kuko kitu nataka kukuambia."

Alimtazama vile alivyozoea kumtazama, macho chini kwanza, halafu yanapanda polepole kama mtu anayefungua mlango. Wiki tatu za foleni zilimtoka Kyungu mwilini mara moja. Alivua koti lake la mvua, la njano, lile wanalopewa madereva kazini, akamwekea mabegani.

"Chukua. Huu mwezi haiko na akili."

"Na weye?"

"Mvula inanijua."

Mama Angèle alikuwa amesimama pembeni, amewapa mgongo. Alisema kwa sauti, akiwa anaelekeza maneno kwenye kichaka: "Huguette, mwambie ule mutu asante juu ya koti. Na umwambie asogee, iko karibu sana."

Kyungu alirukia majanini, akageuza uso kwenye mti. Akiwa amesimama hivyo kama mtoto aliyeadhibiwa, alisikia sauti ya kijana, laini, isiyo na haraka.

"Mama Angèle, shika mukono yangu. Hapa kuko majiwe."

Alipogeuka, Mama Angèle alikuwa ameushika mkono wa Gael, na Huguette yuko upande wa pili. Wote watatu walipanda wakizungumza. Gitaa lilikuwa mgongoni kwa Gael, limefungwa ndani ya mfuko wa unga lisilowe.

Kyungu alibaki mwisho wa mstari pamoja na Tata Edouard, mjomba wa Huguette. Mjomba huyo ndiye aliyepokea posa kwa niaba ya ukoo, na alikuwa anatembea polepole kwa sababu ya tumbo lake.

Walipita kwanza kwenye msitu, mahali ambapo miti ilikuwa imetoa majani mapya mekundu. Halafu msitu ukaisha, wakaingia kwenye mgongo wa wazi. Moto wa kiangazi ulikuwa umeunguza majani yote, na katikati ya weusi huo vichipukizi vya kijani vilikuwa vimeanza kuchomoza. Upepo ulikuja wa moto, ukageuka wa baridi. Mawingu yalifunika jua, yakalifungua, yakalifunika tena. Mbele kabisa, koti la njano lilikuwa linapanda na kushuka.

"Unaangalia yulu sana," Tata Edouard alisema. "Utaanguka."

"Tata, ule Gael ni mutoto wa nani?"

"Wa jirani. Alikulia kwetu. Mama yake na Angèle banapeanaka makala ya moto."

"Makala tu?"

"Na chumvi."

"Tata, mi nauliza kweli."

"Na mi najibu kweli. Weye ulikuya kuomba kwa Mungu ao ulikuya kulinda mutu?"

Kyungu aliinua tena macho juu. Upepo ulikuwa umemletea kicheko cha Huguette. Kile kicheko kinachoanza chini na kuvunjika juu, alikuwa anakihesabu kuwa chake. Kwa sababu yake aliwahi kusimamisha lori lote karibu na soko la Manika, magari yakampigia honi nyuma, na yeye akashuka kutafuta ni nani anayecheka vile. Sasa kilikuwa kinatolewa bure kwa mtu mwenye gitaa.

Katikati ya mlima walipumzika kula. Kina mama walitandika vitenge chini. Kyungu alienda nyuma ya jiwe kubwa, akakaa ameelekea bonde, kama desturi inavyotaka. Lakini jiwe lilikuwa na ufa, na mtu mwenye wivu hapiti kwenye ufa bila kuchungulia. Alimwona Gael amekaa karibu na Mama Angèle. Walikuwa wanakula bukari, yaani ugali, na samaki katika sahani moja. Mama Angèle alimchagulia kipande cha samaki akakiweka upande wake.

Huguette alikuja na sahani ya Kyungu. Alipiga magoti akaiweka chini, akabaki hapo, mkono wake karibu na mkono wa Kyungu, bila kugusana.

"Kula, ingali na moto kidogo."

"Anakula na mama yako mu sahani moja."

"Nani?"

"Unajua nani."

Huguette alishusha pumzi. "Gael haiko mukwe. Angekuwa mukwe, naye angekula nyuma ya jiwe."

"Mi nakula na majiwe, yeye anakula na mama. Mama anamupa samaki. Mi hata sura ya mama sijaiona."

"Ni heshima, Kyungu. Kama angekuwa hakuheshimu, angekuita ukule."

"Basi ananiheshimu sana."

"Usiniletee maneno ya foleni. Sema kitu iko mu roho yako."

"Unacheka naye."

"Nacheka na watu bote. Siku ile pa soko ulisimamisha lori, nilikuwa nacheka na nani? Na weye? Sikukujua hata jina."

Kyungu alitazama sahani. Alijua anashindwa, na mtu anayeshindwa kwa maneno hutafuta jiwe zito zaidi.

"Ile kitu ulitaka kuniambia yulu pale, inamuhusu?"

Huguette alisogeza sahani kidogo kabla ya kusema. "Ndiyo. Inamuhusu."

"Sema sasa."

"Na hii sura? Hapana. Ukishakuwa mutu, nitakuambia." Alisimama akapangusa magoti. Macho yake yalikuwa na maji, lakini Kyungu hakuona maji. Aliona macho yanayoficha.

"Huguette."

"Kula, bwana."

Alienda. Kyungu hakula. *Ndiyo, inamuhusu.* Maneno hayo yalimkaa tumboni mahali pa chakula.

Walipoanza tena kupanda, mlima ulibadilika. Ukungu ulishuka kutoka kileleni kama mtu amemwaga maziwa, na msalaba ukapotea. Halafu watu wa mbele wakapotea. Radi ilipiga upande wa Lubudi, tena ikapiga karibu, na mvua ya mawe ikaanza kuwapiga vichwani, mawe madogo kama maharage. Mstari ulivunjika. Watu walikimbilia mahali ambapo mwamba ulikuwa umetokeza kama paa. Mtu mmoja aliendelea kuimba, mwingine akamwambia anyamaze akimbie.

"Ingia huku chini ya mwamba," Tata Edouard aliita.

"Huguette iko wapi?"

"Iko na mama yake. Ingia, utapasuka kichwa."

Kyungu hakuingia. Alipanda ndani ya ukungu akiwa ameweka mkono juu ya kichwa. Na hapo, hatua chache tu mbele yake, akaliona koti la njano. Kofia yake ilikuwa imevutwa mpaka usoni. Gael alikuwa amelizungushia mkono kiunoni, amelibana kwake, na wote wawili walikuwa wanatembea polepole, wamebebana, vichwa karibu. Gael alikuwa anasema kitu sikioni. Mama Angèle hakuonekana popote. Katika kichwa cha Kyungu, hiyo ilikuwa na maana moja tu: Wamemwacha mama, wametafuta ukungu.

Alikimbia. Alishika mkono wa koti akauvuta mpaka watu hao wawili wakaachana.

"Malaya weye," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko mvua. "Wiki tatu mi nalala mu barabara, weye unalala na huyu. Koti yangu mwenyewe unamuvalia. Hauna haya? Ukoo yenu yote ilikula bitu yangu juu ya kuniuzia malaya?"

Koti liligeuka. Kofia ilianguka nyuma. Chini yake kulikuwa na nywele za mvi, zimesukwa mistari, na uso wa mwanamke mkubwa aliyeuma meno kwa maumivu. Kyungu alikuwa hajawahi kuuona uso huo kwa karibu. Kitu cha kwanza alichofikiria, kabla ya kuelewa, ni kwamba macho ni yale yale ya Huguette.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika. Gael ndiye aliyeuondoa, kidole kwa kidole.

Mama Angèle hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye matope, akavuta kitenge akajifunika uso wote.

Huguette alitoka kwenye ukungu nyuma yao, amelowa mpaka nguo imemshika mwili, kiatu kimoja cha mama yake mkononi. Mama Angèle alikuwa ameteleza na kutegua mguu. Huguette alikuwa amemvalisha koti, amemkabidhi kwa Gael, akarudi kutafuta kiatu. Alikuwa amesikia yote. Na chini kidogo tu, ukungu ulipopasuka, lilionekana paa la mwamba na kwaya yote imejipanga ndani yake kama watu walio kanisani, wanawatazama.

Huo mlima hauna adabu. Muda mfupi tu baadaye mvua iliisha, jua likatoka, mawe ya barafu yakaanza kumetameta kwenye majani, na migongo ya watu ikawa inatoa mvuke. Ingekuwa heri giza lingebaki.

Mama Angèle aliketishwa kwenye jiwe, uso bado umefunikwa. Kyungu alisimama mbali, kichwa wazi, mikono nyuma. Tata Edouard alisimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakufanya utani.

"Edouard," Mama Angèle alisema ndani ya kitenge, "uliza ule mutu. Ile maneno alisema, ilikuwa ya miye ao ya mutoto yangu?"

Tata Edouard alimgeukia Kyungu. "Umesikia."

Kyungu alisikia, na alielewa kwamba hakuna jibu zuri. Akisema yalikuwa ya mama, amemtukana mama mkwe. Akisema yalikuwa ya Huguette, basi amesema wazi vile anavyomwona mwanamke anayetaka kumwoa. Alimtazama Huguette. Huguette alikuwa anamfunga mama yake mguu kwa kitambaa cha bluu, na hakuinua macho.

"Ilikuwa ya Huguette, Tata," Kyungu alisema. "Niliwaza ni Huguette."

Kitenge kilitikisika kidogo. "Basi mukono yangu ni kitu kidogo," Mama Angèle alisema.

Wanaume wawili walimbeba kwa zamu kushuka. Kyungu aliambiwa atangulie peke yake, asionekane.

Alikuwa ndiyo anaingia msituni aliposikia miguu nyuma yake. Alitumaini ni Huguette. Alikuwa Gael, anatembea haraka, gitaa linamgonga mgongo.

"Mi sina hamu ya kupigana na weye," Gael alisema. "Kuko kitu moja tu. Aliniomba nisikuambie, alitaka akuambie yeye mwenyewe leo. Sasa hatakuambia tena."

"Sema."

"Mwaka jana nilimuomba Huguette, nimuoe. Kwa mama yake, na bazazi yangu, na pombe mu meza. Mama alisema ndiyo. Huguette akasema hapana, mbele ya bote. Akasema kuko mutu wa lori. Mama yake hakumusemesha mpaka mvula ikaisha. Na yeye hakurudi nyuma. Ulipeleka posa na ikapokelewa juu alibishana na mama yake kila siku mpaka mama akachoka."

Kyungu alishika mti.

"Ungali unamupenda?" aliuliza.

"Ndiyo," Gael alisema. "Lakini sikumuita hata siku moja vile ulimuita."

Alipita akashuka. Kyungu alibaki kati ya majani mekundu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na wivu na Gael kwa sababu ya kicheko wala samaki. Alikuwa na wivu naye kwa sababu alikataliwa na akabaki mtu mzima.

Huguette alimkuta karibu na basi. Alisimama ng'ambo ya njia, nguo zimekauka nusu. Kyungu alipotaka kuvuka alimwinulia kiganja.

"Nilikosa," Kyungu alisema.

"Najua."

"Gael aliniambia."

"Basi unajua yote."

"Nitaleta mbuzi. Nitaleta kila kitu bazee batasema. Kesho kama banataka."

"Leta. Mi mwenyewe nitaambia bazee bapokee. Usiogope, batapokea. Ile itaosha mukono ya mama."

"Na weye?"

Huguette alifikiri kwa kweli. Kyungu aliona anafikiri, anageuza jambo hilo huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu kizima ndani ya chungu kilichovunjika.

"Nilikuwa namwambia mama: ule mutu iko na kelele mu mudomo, lakini mu roho iko muzuri. Kila siku. Leo mama alisikia kitu iko mu roho. Na mi nilisikia." Alishusha kiganja. "Kwa ile jina uliniita, Kyungu, kwetu hakuna mbuzi."

"Huguette, mi nakupenda."

"Najua ile pia," alisema. "Ndiyo inaniuma."

Alirudi ndani ya basi, akakaa upande wa mama yake. Kyungu alirudi Kolwezi kwenye lori la mkaa.

Wazee walikata neno katikati ya wiki. Kyungu alitoa mbuzi wawili, kuku mweupe mmoja na kitenge kizima, na vyote vikapokelewa bila ubishi. Posa ilirudishwa kwa akina Kyungu kwa mkono wa Tata Edouard. Padri aliombwa asitangaze harusi ya Desemba. Mama Angèle alisema amesamehe, akarudi kutembea baada ya mwezi. Na Huguette, aliyebishana na mama yake mwaka mzima kwa ajili ya mtu mmoja, aliacha kubishana.